Taarifa ya Polisi Haihitaji Mapambo

Mwanafunzi hodari wa Kiswahili aweza, kwa nia njema kabisa, kuiharibu kesi yake mwenyewe kwa sentensi moja. Tuseme mwanafunzi huyo ni wa Wema, katika delta ya mto Tana, na kwamba usiku amemwona mtu akiufungua mtumbwi wa babake na kutoweka nao mtoni. Asubuhi anafika Garsen kuandikisha taarifa polisi. Kwa kuwa ni msomi, anapewa karatasi na kalamu aandike mwenyewe, naye anaanza jinsi alivyozoezwa tangu darasa la tano: usiku huo kulikuwa na giza totoro, hata ungetiwa kidole jichoni usingekiona. Mistari mitatu baadaye anaeleza kwamba alimwona mwizi na kumtambua. Siku ya kesi, wakili wa mshtakiwa hana haja ya maswali mengi. Anamwomba shahidi aisome sentensi ile ya kwanza kwa sauti, kisha anamwuliza: ikiwa hukuweza kukiona kidole kilichomo jichoni mwako, uso wa mteja wangu uliuonaje kutoka juu ya ukingo wa mto?

Mfano huo ni wa kubuni, lakini giza totoro si la kubuni. Nimekutana nalo katika madaftari miaka mingi, na nakiri kwamba mara nyingi nimelitunuku alama. Sisi walimu wa lugha ndio tuliowafundisha watoto kwamba uandishi mzuri ni uandishi uliopambwa: kwamba mtu hashangai tu bali hupigwa na butwaa akasimama tisti kama mlingoti, na kwamba jua haliwaki bila ya kuwa la utosi. Katika hadithi sina ugomvi na mapambo hayo, ingawa hata humo yamechujuka. Ugomvi wangu ni kwamba mwanafunzi hafundishwi mahali pa kuyaacha.

Ni kweli kwamba ripoti imo katika silabasi. Swali la kwanza la karatasi ya insha katika mtihani wa KCSE, ambalo ni la lazima, hudai utungo wa kiuamilifu kama vile barua, hotuba, kumbukumbu za mkutano au ripoti. Lakini ripoti tunayoifundisha aghalabu ni ya kamati. Ina hadidu za rejea, matokeo na mapendekezo, na chini imetiwa sahihi na katibu. Kijana humaliza shule akijua kuandika ripoti ya kamati iliyochunguza utovu wa nidhamu bwenini, na hajui kuandika jambo alilolishuhudia mwenyewe. Maishani huenda asiketi katika kamati yoyote. Kituoni atakwenda siku moja, ikiwa si kama mlalamishi basi kama shahidi. Na wamo miongoni mwa hao tunaowafundisha watakaovaa sare na kukaa upande ule mwingine wa meza. Hao ndio watakaoandika maneno ya wengine.

Hebu tuifuate safari ya taarifa hiyo. Huanza katika kitabu cha matukio, ambacho kila Mkenya hukiita OB, na hupewa namba yenye siku, mwezi na mwaka. Mlalamishi anayeondoka kituoni bila namba hiyo ameondoka mikono mitupu. Baadaye huandikwa maelezo marefu zaidi ya shahidi, nayo hutiwa sahihi au kidole gumba. Kutoka hapo karatasi hizo hupita kwa mpelelezi, kwa kiongozi wa mashtaka, kisha kwa hakimu. Na shauri likikatiwa rufani, hufika Mahakama Kuu, mbele ya jaji ambaye hatamwona shahidi kamwe bali atasoma tu yaliyoandikwa. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuamua mwaka 1952 kwamba ripoti ya kwanza anayoitoa mlalamishi kwa mwenye mamlaka ni kipimo kizuri cha ukweli wa yale atakayoyasema baadaye, tena ni kinga dhidi ya chumvi zinazoongezwa kadiri siku zinavyopita. Uamuzi huo hutajwa katika mahakama zetu hadi leo. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba jina asilolitaja asubuhi ile ya kwanza, akilitaja miezi sita baadaye, ataulizwa alikuwa amelificha wapi.

Ugumu wa kwanza, basi, ni saa. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomozapo na litwapo. Mwingereza anahesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri. Shahidi akisema saa mbili usiku, na afisa akiandika kwa Kiingereza huku amechoka, saa mbili hiyo yaweza kugeuka kuwa saa nane za usiku. Mshtakiwa akija na mashahidi watano walioketi naye matangani usiku wa manane, kesi imekwisha, na wote wamesema kweli. Yalinipata mimi mwenyewe katika kituo kimoja cha mwambao ambacho sitakitaja. Nilipeleka habari ya kuibiwa baiskeli. Nilisema saa moja jioni, na nilipokuja kupewa nakala nikakuta baiskeli yangu imeibwa saa moja ya Kizungu, mchana kweupe, wakati ambapo nilikuwa darasani na baiskeli imeegemea ukuta mbele ya wanafunzi arubaini. Aliyeiandika alikuwa mtu mwungwana. Hakunisomea alichoandika, nami sikumwomba anisomee.

Siku nazo zina mtego wake. Kwa desturi ya Waswahili siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoikaribisha Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kijana aliyesoma shule za bara atasema usiku wa Ijumaa akikusudia Ijumaa yenyewe baada ya jua kutua. Wawili hao wakiandikisha taarifa juu ya tukio moja, polisi atapata matukio mawili. Yafaa mtu aandike tarehe, aseme ni usiku wa kuamkia siku gani, na aitaje saa kwa namna isiyoweza kukosewa: saa mbili usiku, muda mfupi baada ya sala ya isha, wala watoto hawajalala.

Kisha kuna miili yetu na jamaa zetu. Kiswahili husema mkono kuanzia begani hadi ncha za vidole. Mlalamishi akisema alikatwa mkononi, na daktari katika fomu ya P3 akaandika kwamba jeraha liko katika kigasha, na afisa akatafsiri mkono kuwa kiganja, tayari kuna majeraha mawili kwenye karatasi na moja kwenye mwili. Lugha yetu haikukosa maneno: tuna kigasha, kiganja, kiwiko, paja, muundi na wayo. Huyafundisha nani? Na neno ndugu, ambalo kwetu hukusanya mtoto wa mama, mtoto wa ami na hata jirani wa kunyonya naye, likifika katika Kiingereza huwa ndugu wa tumbo moja, na shahidi huonekana mwongo mbele ya hakimu kwa kuwa alisema ndugu yake na imethibitishwa kwamba baba zao ni tofauti. Hata kile kilio chetu cha kawaida, wameniua, anachokipiga mtu mzima aliyesimama kwa miguu yake, kina hatari kikiandikwa kilivyo.

Lakini jambo ambalo ningependa mwalimu wa sarufi alizingatie kuliko yote ni kauli za vitenzi. Tunazifundisha kama jedwali la kukariri: kutenda, kutendwa, kutendeka, kutendesha. Mwanafunzi hujaza mapengo, hupata alama, akasahau. Hakuambiwa kwamba katika jedwali hilo ndimo haki inamopotelea. Fulani alivunja mlango. Mlango ulivunjwa. Mlango ulivunjika. Sentensi ya kwanza ina mtu. Ya pili inakiri kwamba kuna mtu, ila imemficha. Katika ya tatu mtu hayumo kabisa. Mlango umejivunjikia wenyewe kama tunda lililoiva na kudondoka. Afisa anayeandika kwamba risasi zilifyatuka na mtu akajeruhika hajasema uongo ambao mtu angeweza kuukamata kwa urahisi. Amechagua kauli tu.

Asiyeamini kwamba uchaguzi huo waweza kufunika mauaji na apande mto Tana kutoka Wema na Garsen hadi Hola. Huko, Machi 3, 1959, wafungwa waliokuwa wamezuiliwa kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau walipelekwa kuchimba mfereji kwa nguvu. Walikuwa 85, na walinzi waliwapiga kwa marungu. Waliokufa walikuwa 11. Taarifa ya serikali ya kikoloni iliyotolewa mara baada ya hapo ilieleza kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka katika mkokoteni wa maji uliokuwa ukitumiwa na wafungwa wote na walinzi wao. Mwalimu na aiandike sentensi hiyo ubaoni. Vifo vilitokea: nani aliua? Baada ya kunywa maji: baada ya, si kwa sababu ya. Hata kama kila mmoja wao alikunywa maji yale, na hata kama mkokoteni ulikuwapo, sentensi hiyo inamwongoza msomaji hadi kwenye sumu au maradhi na kumwacha hapo, bila mwandishi kutamka neno moja ambalo angeweza kushtakiwa nalo.

Kilichoifumua taarifa hiyo ni maandishi ya namna nyingine. Miili ilipochunguzwa, waliochunguza waliandika walichokiona: michubuko mingi, mifupa iliyovunjika, damu katika mapafu. Hakimu aliyeendesha uchunguzi wa vifo akasema wazi kwamba watu wale walikufa kutokana na kupigwa, wala hapakuwa na sumu. Julai mwaka huohuo Bunge la Uingereza likakesha likijadili Hola. Kutajwa kwa michubuko kulifanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuweza kuifanya. Lakini msomaji asidhani nimemaliza kwa furaha: hapana mtu aliyeshtakiwa na kuhukumiwa kwa mauaji yale. Kwa kuwa fimbo zilikuwa nyingi, haikujulikana nani alimpiga nani pigo la kuua. Hakuna aliyekuwa ameandika jina la mtu mmoja mbele ya kitendo kimoja.

Hapo ndipo ninapotaka kurudi chini ya mto, kwa kuwa delta imeonja matunda ya taarifa zisizo na mtu ndani yake. Mwaka 2012 damu ilimwagika huko kwa kiasi ambacho Wakenya wengi hawakuamini. Agosti 22 kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 10 ikawa zamu ya Kilelengwani, ambako miongoni mwa waliouawa walikuwamo maafisa 9 wa polisi. Desemba 21 ikafuata Kipao. Wapokomo walilia, na Waorma walilia. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka, na mengi yalisemwa kuhusu ardhi, malisho, siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia na silaha zilizokuwa mikononi mwa raia.

Sidai kwamba karatasi mbovu ndizo zilizoua. Nasema tu kwamba moto ule, kama mioto yote ya delta kabla yake, ulikuwa na cheche ndogo zilizotangulia, na cheche hizo ni za namna ambayo huletwa polisi kila msimu wa kiangazi: ng'ombe wameingia shambani, ng'ombe wamekatwa mapanga, mchungaji amepigwa, mahindi yamelishwa mifugo, malka imezibwa. Malka, kwa asiyejua, ni njia ya mifugo kwendea maji ya mto, na kila moja ina jina lake na mipaka inayojulikana na wazee wa pande zote mbili. Sasa tazama jinsi malalamiko hayo yanavyosemwa, na mara nyingi yanavyoandikwa: Waorma wameharibu shamba letu, Wapokomo wamekata ng'ombe wetu. Kabila haliwezi kukamatwa. Haliwezi kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, wala kupewa dhamana, wala kuachiliwa huru kwa kukosekana ushahidi. Taarifa yenye kabila mahali pa mtu humwachia afisa mwangalifu kazi asiyoweza kuifanya, na humpa afisa mvivu kisingizio. Faili hulala, na yule aliyeonewa hurudi nyumbani na shtaka lake kama alivyokwenda nalo, isipokuwa sasa linawahusu watu maelfu.

Fikiri lau mwenye shamba angeandika hivi: Jumanne tarehe fulani, saa kumi na moja jioni, niliona ng'ombe wapatao kumi na watano katika shamba langu la mahindi, upande wa kusini wa malka fulani. Walikuwa na mchungaji mmoja, kijana mrefu mwenye shuka nyekundu. Simjui jina, lakini nikimwona nitamtambua. Niliwaona wakila mistari saba ya mahindi. Sikuona jinsi walivyoingia. Ng'ombe mmoja alikuwa na alama ya moto kwenye paja la kushoto, nami naichora hapa. Taarifa hiyo haina hata methali moja. Kwa taarifa hiyo chifu na mzee mmoja wa Kiorma wanaweza kumpata mwenye ng'ombe kabla ya jua kutua, kwa sababu alama ya ng'ombe ni kitambulisho, nayo husomwa na wafugaji kama tunavyosoma gazeti. Na yule mchungaji naye, kama alifukuzwa kutoka malka iliyozibwa na kulimwa, apewe karatasi yake aandike yake kwa mizani iyo hiyo.

Kuna watakaonijibu kwamba kwa nini tuhangaike na polisi ilhali wazee wa Gasa wamekuwa wakiamua mashauri ya Wapokomo tangu zamani bila karatasi. Nawaheshimu wazee. Lakini nijuavyo, baraza lolote la wazee wazuri humwuliza shahidi swali lile lile: uliona, au uliambiwa? Wazee hawana subira na giza totoro. Ni shule iliyolileta.

Wengine watasema kwamba maafisa wana kazi nyingi, foleni ni ndefu, na kwamba kompyuta zikienea kila kituo mambo yatanyooka. Foleni naikubali. Kompyuta italinda kurasa zisinyofolewe, na hilo si dogo. Lakini saa ya Kiswahili iliyotafsiriwa vibaya itabaki vibaya katika kompyuta, tena kwa herufi nzuri zaidi. Dawa iliyo karibu ni ya lugha. Katiba ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mahakama za chini zinaruhusiwa kuendesha kesi kwa Kiswahili. Katiba hiyohiyo inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na mshtakiwa apewe mkalimani bila malipo. Yanini basi mama wa Wema aliyezungumza Kiswahili mbele ya afisa aliyemwelewa kwa Kiswahili apewe kidole chake akichovye wino chini ya karatasi ya Kiingereza? Iandikwe kwa Kiswahili. Ikiwa alizungumza Kipokomo au Kiorma, na itajwe hivyo katika taarifa, pamoja na jina la aliyemfasiria. Kisha asomewe polepole kabla ya kutia kidole, na akisema hapa sikusema hivyo, pasahihishwe mbele yake bila kununiwa.

Kwa upande wetu wa ubao, kazi si kubwa. Kuna zoezi ninalolitumia. Siku moja, bila onyo, mtu huingia darasani, hufanya jambo la sekunde chache, akatoka. Nasi huchukua kalamu na kuandika sentensi kumi, kila moja ikiwa na mtenda, kitendo na mahali. Halafu hubadilishana madaftari na kufuta kila neno ambalo mwandishi hakuliona wala kulisikia mwenyewe. Mara ya kwanza madaftari hubaki matupu. Kijana mmoja alikuwa ameandika kwamba mwalimu wa zamu aliingia kwa hasira nyingi. Jirani yake akaifuta hasira. Wakagombana, wakaniletea, nami nikamwuliza hasira hiyo ilikuwa na rangi gani. Akakaa kimya kitambo, akainama, akaandika upya: mwalimu aliufunga mlango kwa nguvu hadi chaki iliyokuwa juu ya meza ikaanguka.